Miezi Mitatu Nikililinda Ini la Mjomba Deo

Niliripoti kazini Jumanne asubuhi nikiwa na sare ya shule na yai la kuchemsha mfukoni. Yai lilikuwa la Mjomba Deo. Alitakiwa akae na njaa mpaka apigwe picha ya ini, na Bibi alinikabidhi lile yai nimpe akishatoka kwenye mashine, si kabla. Nyie wadogo zangu wa Form One mtakaopata kazi kama hii, shikeni hilo la kwanza: yai likae mfukoni mwako, lisikae mfukoni mwa mgonjwa. Tena Mjomba hata mgonjwa hakuwa. Mgonjwa alikuwa Mama.

Mama yangu ni karani. Homa ya ini aina ya B ilikaa mwilini mwake miaka na miaka bila kubisha hodi, na ilipokuja kugundulika ini lilikuwa limejaa makovu, gumu, hali ambayo madaktari wanaiita sirosisi. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limejaa maji, mikono imekonda kama ya mtoto. Wakasema dawa zimefika mwisho wake, sasa anahitaji ini la mtu mwingine. Bahati nzuri ini lina tabia ambayo figo na moyo havina: ukikata kipande kwa mtu mzima mwenye afya, kinachobaki kinakua tena, na kile alichopewa mgonjwa nacho kinakua.

Baba alipimwa, kundi lake la damu likakataa kuelewana na la Mama. Bibi mzaa Mama akasema hilo alilijua tangu siku ya harusi. Mie nilinyoosha mkono wa kwanza kabisa, nikaambiwa nirudi nikifikisha miaka kumi na minane. Mama hakuwa na miaka mitatu ya kunisubiri. Akabaki mdogo wake, Mjomba Deo, fundi friji wa Sinza, mtu wa vicheko vingi na kitambi cha kutosha.

Chumba cha ultrasaundi kina giza na ubaridi. Mashine yake inatuma sauti ambayo sikio halisikii, ile sauti ikigonga nyama za ndani inarudi na kuchora picha kwenye kioo. Daktari wa picha, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, alimpaka Mjomba jeli tumboni, mie na Bibi tumesimama pembeni.

"Aisee, Daktari! Hii imetoka kwenye friji?"

"Si wewe ndiye fundi friji? Vuta pumzi. Ishikilie."

Akapitisha kile kifaa chake chini ya mbavu, mara huku, mara kule. "Ini nimeliona. Linang'aa."

Mjomba akanigeukia kama mtu aliyetangazwa wa kwanza kimkoa. "Umesikia, Winnie? Linang'aa."

"Kaka, ini halitakiwi kung'aa," Daktari akasema. "Linatakiwa lifanane rangi na figo, huyu jirani yake hapa, kijivu. Huko kung'aa ni mafuta. Hili lako linawaka kama ukumbi wa harusi."

Akatueleza taratibu, na mie nikaandika nyuma ya daftari la Baiolojia. Ini lenye mafuta mengi likikatwa, kipande anachopewa mgonjwa kinaweza kushindwa kazi, na kilichobaki kwa mtoaji nacho kinahemea juu juu. Kwa hiyo Mjomba alipewa miezi mitatu. Pombe hata kunusa hapana, chipsi, soda na nyama za mafuta hapana, na kila siku atembee. "Nitampiga picha tena. Likiwa bado linang'aa, sisaini," akasema. "Nani atamsimamia?"

Bibi akanyoosha kidole. "Huyu hapa. Huyu ni mmbea, hakuna kinachompita."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Sinza, nyumbani kwa Mjomba. Chumba chake kimepakana ukuta na baa inayochoma kitimoto, nyama ya nguruwe, na dirisha linapokea moshi kama kodi. Nilikuwa naripoti nikitoka shule. Siku ya nne nikamkuta amekaa barazani, anacheza na kijiti mdomoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, askari."

"Mchana ulikula nini?"

"Mchicha, kama tulivyopatana."

"Na hicho kijiti unachokonoa nini? Mchicha una mifupa?"

Akakitazama kile kijiti kana kwamba kimemsaliti. Nikapeleka taarifa kwa Mkurugenzi Mkuu, yaani Bibi. Kabla jua halijazama Mjomba alishabebeshwa begi lake, kahamishiwa kwetu Tabata, analala sebuleni.

Tabata ndipo nilipojifunza kwamba adui wa ini si baa peke yake. Mtaa mzima ulishasikia kwamba Deo anamkatia dada yake ini, na mtaa mzima ulifikia uamuzi mmoja: lazima anenepeshwe ini liongezeke. Mama wa nyumba ya nyuma alileta maini ya ng'ombe ya kukaanga, akasema dawa ya ini ni ini. Fundi viatu alileta supu ya kongoro, ile miguu ya ng'ombe. Bi Nuru, ambaye duka lake la kona lilianzishwa na babu yake aliyetoka Yemeni, alituma pilau, halwa na tende, kila Ijumaa bila kukosa.

"Bi Nuru, daktari amekataza," nilimwambia.

"Daktari kakataza bia. Hii ni pilau, mwanangu, ina dua ndani yake. Mtu anatoa kiungo chake, nyie mnamlisha matango? Hamuoni haya?"

Na kukirudisha chakula cha jirani huwezi, utaonekana nyumba nzima haina adabu. Ikabidi nibuni utaratibu wa kazi: vyote nilivila mie. Nasema bila majivuno, nilijitolea. Maini, kongoro, pilau yenye dua, vyote viliishia kwangu, mpaka kifungo cha sketi ya shule kikaruka mstarini asubuhi na kumpiga kiranja mgongoni.

Kila Jumamosi tulimpima Mjomba kwenye mizani ya magunia dukani kwa Bi Nuru. Alisimama pale linaposimama gunia la mchele, akiwa peku, na Bi Nuru akawatangazia wateja kilo zake kwa sauti ya muadhini. Wiki nne za mwanzo kilo zilishuka, watu wakapiga makofi. Ya tano zikagoma. Ya sita zikagoma. Ya saba zikapanda.

"Mie sili kitu, jamani," Mjomba akaapa. "Labda ni hewa."

Nilikagua begi lake, chini ya makochi, mpaka kwenye maboksi yake ya vipuri. Hamna kitu. Nilianza kukosa usingizi. Mama alikuwa hawezi tena kufika bafuni bila kushikwa, na sie tulibakiwa na wiki tano tu kabla ya picha ya pili.

Jibu nililipata bila kulitafuta. Tulikuwa kwenye mitihani ya mwisho wa muhula, nikatoka shule saa tano badala ya saa tisa. Nilipofungua mlango wa nyuma nikapokelewa na harufu ya ndizi nyama, zile zenyewe za nyumbani, zenye samli. Mjomba alikuwa mezani na sahani imejaa kilima. Mbele yake amekaa Mama, khanga mabegani, macho ya manjano, mkono umeshika shavu, anamwangalia anavyokula. Mama huyo huyo asiyeweza kufika bafuni alikuwa amesimama jikoni akamenya ndizi.

"Winnie!" Mjomba akasema, mdomo umejaa. "Kwani leo hakuna shule?"

"Mjomba, wewe ulisema huli kitu!"

"Nikikataa analia," akanong'ona, kama Mama hayupo pale.

Mama hakuficha. "Kila siku mkiondoka nampikia. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni. Leo ananipa nusu ya ini lake. Mie nimpe nini, Winnie? Niseme asante halafu nikae?"

Nilikuwa na utani wangu tayari, huwa sikosi. Siku hiyo ulikauka. Nikasema, "Mama, ukiendelea kumlisha hivyo utakufa. Daktari hatasaini. Utakufa huku umempikia."

Mjomba akakiweka kijiko chini. Nilisikia friji ikiunguruma, ile friji aliyotutengenezea yeye. Mama akatazama sufuria, akamtazama mdogo wake, halafu akaivuta sahani taratibu kutoka mikononi mwake. Haikurudi.

Bibi, aliyekuwa anakaa kwetu tangu Mama augue, aliporudi kutoka kanisani nikampa taarifa kamili. Sikumwonea mtu haya. Akatoa uhamisho wa pili: Deo ahamie kwake Pugu, kule kwenye vilima karibu na msitu, kesho yake asubuhi, na mie nifuate maana likizo imefika.

"Na mie?" Mama akauliza. "Mie nikae tu nife mikono mitupu?"

Nikapata wazo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa mchango wangu mkubwa katika fani. Nikamwambia, "Mama, wewe utamsimamia kwa simu."

Basi ikawa kila asubuhi Mjomba anapanda kilima na simu sikioni, na Mama kule Tabata, amelala kwenye mito mitatu, anamsikiliza anavyohema. Mie nyuma yake na chupa ya maji.

"Deo, mbona sikusikii ukihema? Umesimama?"

"Nafunga... kamba ya kiatu... Dada."

"Amevaa ndala, Mama!" nilipiga kelele.

"Deo! Panda!"

Na alipanda. Analaani, anacheka, anapanda. Akifika juu Mama anamwambia, "Ahsante, mdogo wangu," na Mjomba anageuka upande wa msitu kwanza, anafuta uso, anadai ni jasho. Jioni alikula mchicha, samaki wa kuchoma na ugali wa ngumi moja. Kongoro hazikufika Pugu. Sketi yangu nayo ikaanza kunielewa.

Siku ya picha ya pili Mama aliletwa kwa kiti cha magurudumu, alikataa kubaki nyumbani. Daktari alimpaka Mjomba jeli, na safari hii Mjomba akavuta pumzi kabla hajaambiwa. Daktari akazungusha kifaa, akasimama, akakirudisha palepale. Mie nilikuwa nimeshajua pa kuangalia: kwanza figo, halafu ini. Nikakodoa macho.

"Mlinzi," Daktari akaniita, "wewe unaona nini?"

"Naona kijivu na kijivu."

"Na mimi naona hivyohivyo." Akavua miwani. "Nasaini."

Bibi alipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Mjomba akapelekwa kwenye CT, mashine yenye tundu kama tairi la lori, inayokata picha za mwili vipande vipande kama mkate, ili wajue ini lake lina ukubwa gani na mishipa imepita wapi. Kisha wakasafiri kwenda India, yeye na Mama, na Baba kama msindikizaji. Daktari wa upasuaji wa kule, mzee aliyeongea polepole, aliwaeleza kwamba atachukua upande wa kulia na kumwachia Mjomba wa kushoto, na kwamba kazi ngumu si kukata, ni kuunga mishipa na vijifereji vya nyongo vyembamba kama mrija wa juisi. Sie tulibaki Pugu na simu katikati ya meza. Ilipita asubuhi, mchana, ikaingia alasiri. Hakuna aliyekula, hata mie. Baba alipopiga alisema maneno mawili tu, "Wote wazima," akaanza kulia, Bibi akakata simu kwa hasira kwamba anamaliza salio kwa kulia.

Mwaka haujaisha na nimeshastaafu. Mama anameza kila siku dawa za kuzuia mwili usilikatae lile ini geni, na nyeupe ya macho yake imerudi kuwa nyeupe. Daktari wa picha alimpima Mjomba juzi: ini limekua, limejaza nafasi yake. La Mama vilevile. Tulianza na ini moja zima, sasa yapo mawili, na hesabu hiyo mwalimu wetu mpaka leo ameshindwa kuniwekea sahihi.

Vijana mtaniuliza kazi hii ina ugumu gani. Baa mtaizoea. Ugumu ni kumnyang'anya mtu sahani iliyopikwa kwa mapenzi.

Jumapili iliyopita walinifanyia sherehe ya kustaafu. Mama alipika ndizi nyama, safari hii bila samli, akampakulia Mjomba. Mjomba akanitazama kuomba ruhusa.

"Usiniangalie mie," nikamwambia. "Nimestaafu."

Akachukua kijiko, akazigawa ndizi katikati, akausogeza upande mmoja mbele ya Mama. "Dada, chukua. Sie si tulishazoea kugawana?"

Bibi akanikabidhi yai la kuchemsha, kiinua mgongo changu. Nikalimenya.