Vizingo Viwili Utosini

Siku ya arobaini ya binti yangu, mama mkwe alifika Ipuli kutoka Igalula na wembe mpya. Kunyoa mtoto, sawa, ndiyo desturi. Lakini alipozilowesha nywele akaona utosini zinajizungusha mahali pawili, alifungua fundo la khanga, akatoa dawa nyeusi ya unga.

"Huyu achanjwe," alisema. "Mwenye vizingo viwili hakai duniani."

Achanjwe kwa wembe utosini, pale panapopwita! Thubutu! Nilimpokonya mtoto. "Nisamehe, mama, lakini mwanangu hachanjwi." Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa.

Chuoni nilisomea fuwele za kimiminika, vitu vinavyotiririka kama mafuta huku chembe zake zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Aliyeziona mwanzo alikuwa akiyeyusha kitu kilichotokana na karoti. Kiliyeyuka mara mbili: kwanza kikawa na ukungu, kisha kikawa angavu kabisa kama maji. Wengine wakasema, aa, uchafu tu huo. Kumbe ndani ya ukungu mna kasoro, mahali ambapo chembe hazijui zielekee wapi. Wanahisabati wakaja kuzihesabu: unaizunguka kasoro pembeni, unaangalia mwelekeo umegeuka mara ngapi. Jibu hilo huwezi kulichana likatoka, na kizingo cha nywele ni kasoro ya aina hiyo hiyo.

Nilimweleza mama mkwe hayo kwa hasira, kidole changu kikifuata nywele mbichi. "Kila kichwa, mama, nywele za pembeni zinashuka chini. Kwa hiyo jumla ya vizingo lazima iwe moja. Vikizuka viwili, katikati yake kuna cha tatu kinachogeuka kinyume, kinafuta kimoja. Tazama hapa."

Aliinama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Jumla moja?"

"Moja. Kama yako na yangu."

"Hakuna kilichozidi?"

"Hakuna, mama."

Akaketi mkekani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, yeye akaanza kulia. Aliniambia kwamba kabla ya kumzaa mume wangu alizaa binti mwenye vizingo viwili. Wakwe zake walitaka achanjwe, yeye akamwonea huruma mtoto, akakataa. Homa ikamchukua. Ukoo mzima ukasema amemuua mwenyewe, naye akaamini, miaka yote hiyo.

Hasira ikaniisha. Nilimwonea huruma, nikaketi kando yake. Hesabu haitibu homa, hilo nalijua, wala haimrudishi aliyekwenda.

"Kwa hiyo, mwanangu," aliniuliza taratibu, "sikumuua?"

"Hukumuua, mama."