Marsiana na Tuta Lililoachwa Wazi

Marsiana wa Kasense alizaliwa na akili nyingi mpaka mkunga akaita mtu amsaidie kumbeba. Lakini akili hazikumwepusha na jembe. Masika ikielekea ukingoni, yeye na mama yake, Bertilla, walijenga intumba, yale matuta ya duara ya Ufipa: nyasi zinafukiwa zioze ndani, maharage yanapandwa juu, na mwaka unaofuata ulezi unanenepa.

"We Marsiana!" mama alifoka. "Tuta unaliacha wazi kama mdomo wa baba yako akisinzia? Ulichofungua, funika!"

Leo Marsiana anafundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini, na lugha ya kuagizia mashine anayoipenda ni kikongwe: Algol, iliyotangazwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani mwaka 1960. Zamani hizo maagizo ya kompyuta yalirukaruka kama mbuzi walioona mahindi. Algol ikayatia zizini. Kila fungu la kazi likapata neno la kuanza na neno la kuisha, fungu dogo likikaa ndani ya kubwa. Lugha nyingi za leo ni wajukuu zake.

Marsiana akaishona upya kwa Kiswahili, *anza* na *isha*, wanafunzi wauone mpangilio huo kwa macho yao. Mkuu wa chuo, Gabriel, akakunja uso.

"Mwalimu, unafundisha maiti. Ijumaa ifanye kazi mbele ya wazazi. Ikigoma, somo nalifuta."

Ijumaa ukumbi ulijaa, Bertilla akiwa kiti cha mbele, na nje ulivuma upepo wa kumnyoa mtu ndevu bila wembe. Marsiana akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi.

"Sumbawanga hii!" akanong'ona mzazi mmoja. "Mashine imeshalogwa."

Kicheko kikazunguka ukumbi. Gabriel akatazama saa yake.

Jasho lilimtoka Marsiana la kumwagilia bustani nzima. Akainama, akayapitia maagizo yake kama anayepita shambani kwao. Tuta la ndani kabisa, limefunikwa. Linalolizunguka, limefunikwa. Lile kubwa la nje, alilolianza kabla ya yote... mama wee, liko wazi!

Akaandika *isha* moja tu. Akabonyeza.

Kioo kikawaka, na sauti ya mashine ikaanza kuwaamkia wageni mmoja mmoja, kwa majina aliyoyaandika Marsiana.

"Shikamoo, mama Bertilla."

"Marahaba, mwanangu!" Bertilla akaitika kwa sauti iliyosikika mpaka Muze, kule chini bondeni.

"Shikamoo, Mkuu Gabriel."

"Marahaba," Gabriel akajibu, na mkono akaunyoosha kabisa kutaka kuisalimia.

Ukumbi ukalipuka. Bertilla akasimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Baba, umeitikia shikamoo yake mbele yetu sote. Sasa utatuambiaje kwamba ni maiti, kama ulivyomwambia mwanangu?"

Gabriel akacheka mpaka akavua miwani. Somo halikufutwa. Na Bertilla, tangu siku hiyo, hapiti sokoni bila kuwaambia watu kwamba kompyuta za dunia nzima zilianza kufundishwa adabu shambani kwake.