Wimbo wa Mwani na Mwenyewe

Mashine ya fotokopi katika duka la mtaa wa Kikwajuni ilikuwa ikinguruma. Mhadhiri wa chuo kikuu alikagua kitini cha somo alichowaandalia wanafunzi wake, akasoma kwa sauti wimbo wa wakulima wa mwani. Bibi aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akaumalizia ubeti.

"Shikamoo, Bi. Unaujua?"

"Marahaba. Nliutunga mie. Hapo chini umeandika nini?"

"Mtunzi hajulikani."

"Hajulikani na nani?"

Mhadhiri akasimamisha mashine, akazitia kurasa zote kapuni. "Nisamehe. Sheria inaniruhusu kuutumia kufundishia, lakini lazima nimtaje mwenyewe."

Nimeona wasomi wakali kwa haki zao. Huyu alikuwa mkali kwa haki ya mwenzake.

Bibi akacheka. "Nlijificha, maana wimbo unamsema mume wangu. Keshafariki, Mungu amrehemu. Haya, andika: Mwanakheri Haji Makame."