Tulipoingoja Gemu ya Ami Salim

Juzi nilimpelekea fundi wa Mishomoroni pasi yangu iliyokataa kupata moto, nikamkuta anaijaribu tivii moja ya zamani, zile zenye mgongo mkubwa. Ilikuwa imewaka kwa muda. Vumbi lililolala ndani yake miaka na miaka lilikuwa limeanza kushika joto, na harufu yake ikanijia puani: vumbi linaloungua polepole, plastiki iliyopashwa, na kitu kama waya mpya. Nikaisahau pasi. Fundi aliniuliza mara mbili nimekuja kwa shida gani, nami nimesimama tu mlangoni, nacheka peke yangu. Mtaniwia radhi, wasomaji wangu, lakini kwangu mimi hiyo ni harufu ya furaha. Ni harufu ya sebule ya kina Akinyi.

Akinyi alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Babake alitoka bara kuja kufanya kazi kwa mkataba katika kiwanda cha simenti kule Bamburi, na kila jioni alirudi na nyusi nyeupe, akionekana mzee kuliko babu yangu mpaka aoge. Tivii ilikuwa kwao. Pembeni ya tivii ilikaa mashine ya gemu, kijisanduku cheupe chenye pedi mbili za kushika mkononi, ambayo babake alimnunulia Akinyi alipofanya vizuri mtihani. Kaseti zake zilikuwa mbili tu, moja ya mbio za magari na moja ya kijana anayeruka mashimo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi niko darasa la tano, na kaseti zile tulizijua kama njia ya dukani. Kassim, mdogo wangu, aliweza kuruka mashimo yote akiwa amefumba macho, na hakuchoka kutuonyesha.

Basi Ami Salim, mdogo wake baba, alikuwa baharia katika meli iliyoleta magari kutoka Japani. Mwezi wa nane mwaka huo alimpa baharia mwenzake bahasha aniletee. Ndani mlikuwa na barua yangu mwenyewe, yenye jina langu, Nuru, juu kabisa. Aliandika kwamba huko bandarini aliona umati umejipanga mbele ya duka, akadhani panagawiwa chakula, naye kwa kuwa alikuwa na njaa akajipanga. Kumbe watu wanajiandikisha kununua gemu ambayo hata haijatoka. Ingetoka baada ya miezi miwili. Gemu hiyo, aliandika, haina njia moja ya kufuata, ina nchi nzima. Kuna misitu, miji, wachawi na majoka, na ukiuona mlima kwa mbali waweza kuufuata mpaka uufikie. Safari ijayo, inshallah, angeninunulia, na meli yao ingeingia Mombasa kabla ya Disemba kwisha.

Niliisoma barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kisha nikakumbuka jambo moja: mkataba wa babake Akinyi ulikuwa unaisha Disemba hiyohiyo. Wangefunga vyombo na kurudi bara wote, pamoja na tivii, pamoja na mashine. Niseme ukweli, maana nimeshakuwa mtu mzima na aibu zimenipungua. Nilipowaza kuondoka kwao, kitu kilichoniuma kwanza kilikuwa tivii. Akinyi alikuja wa pili. Tangu siku hiyo kila swala yangu iliishia na meli ya Ami Salim.

Katika bahasha ile mlikuwa pia na kijitabu kilichokuwa kikigawiwa dukani, cha kuwaonjesha watu gemu inayokuja. Kwenye jalada amesimama msichana mwenye upanga, nyuma yake mlima. Karatasi zake ziling'aa, na kilinukia wino. Na kilifunguka kutoka kulia.

Hapo ndipo tulipopotea. Katika maisha yetu mimi na Kassim, vitabu vilivyofunguka kutoka kulia vilikuwa vya aina moja tu, vya chuoni, yaani madrasa, vya mwalimu wetu Bi Rukia. Maandishi ya kijitabu hatukuyatambua hata moja, lakini hilo halikututia shaka. Tulikuwa bado wanafunzi. Tuliamini hizo ni herufi ambazo hatujafikishwa. Na kwa kuwa Bi Rukia alitufunza kwamba maandishi ya namna hiyo hayashikwi ovyo, tulikubaliana kwamba hapana mtu atakayekifungua kijitabu cha gemu bila kutia udhu.

Kijitabu kilikaa kwa kina Akinyi, juu ya kabati ya vyombo, mahali pa juu kuliko pote nyumbani. Ikabidi na yeye, ambaye kila Jumapili aliimba kwaya kanisani, tumfunze kutia udhu. Alijifunza kwa bidii kuliko Kassim. Aliosha mikono, akasukutua, akaosha uso, na miguuni akapitiliza mpaka magotini kwa usalama zaidi. Mamake alistahimili wiki nzima, kisha akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Akinyi, mbona siku hizi unajiosha mara tano na sahani moja imekushinda?"

Tulipoona hatufiki popote na herufi zile, tuliamua kukipeleka kijitabu kwa mwenyewe, Bi Rukia. Nilikifunga kwa leso safi ya mama, na siku hiyo Akinyi akatusindikiza chuoni, akangoja nje karibu na dirisha. Bi Rukia alikuwa bado chumbani kwake. Nikakiweka kijitabu juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, nikarudi mkekani na kukaa kwa adabu. Alipokuja alikaa, akafungua leso, akafungua ukurasa, akakutana macho kwa macho na joka lenye mbawa, linatema moto.

"Nuru!"

"Abee, Bi Rukia."

"Ni nani alonitilia joka kwenye marufaa?"

Nilieleza yote, tangu foleni ya Ami Salim hadi magoti ya Akinyi. Nilieleza huku nikiuangalia mkono wake, kwa maana bakora ilikuwa karibu. Mkono haukwenda kwenye bakora. Ulikwenda mdomoni. Bi Rukia alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, akaufunga, akacheka tena, na chuo kizima kikacheka bila kujua kinacheka nini.

"Wallahi hiki si Kiarabu, wanangu. Haya ni ya huko huko kwa Wajapani, hata mimi siyajui." Akakishusha kijitabu kutoka kwenye marufaa, akakifunika nusu kwa leso, kisha akakichungulia tena. "Na huyu mwanamwali na upanga wake, yuwaenda wapi?"

"Hatujui, Bi Rukia."

"Haya, mkijua mniambie."

Kutoka siku hiyo na yeye akawa mngojaji. Kila tukimaliza masomo aliniuliza kwa sauti ya chini kama meli imetia nanga. Nami nilimjibu kwamba bado.

Katika kungoja, tulijitayarisha. Tulichukua kipande cha sabuni ya kufulia, tukachonga vitufe kama vya pedi kwa msumari, na kila mmoja alifanya zamu ya kukishika na kubonyeza, macho ukutani, ili vidole vijue kazi kabla kaseti haijafika. Mama alikitafuta kipande hicho siku mbili. Alipokipata mfukoni mwa Kassim, kina vitufe vinne na msalaba wa kuendea huku na huku, alikiangalia sana, akakitia ndani ya karai na kufulia mashuka.

Katikati ya kijitabu palikuwa na ramani, nayo tuliihamishia mtaani. Lundo la mawe nyuma ya nyumba ya Bi Rukia lilikuwa mlima. Njia ya kwenda Utange, ambayo siku hizo ilikuwa na vichaka pande zote mbili, ilikuwa msitu wa wachawi. Mwenye duka alikuwa mchawi mkuu bila kuambiwa. Tuligombana sana juu ya nani atakuwa msichana wa upanga, mpaka tukapatana kwamba ni mimi na Akinyi kwa zamu. Kassim tukampa ujoka. Aliukubali kwa furaha, kwa sababu joka halitumwi dukani.

Disemba ikaingia. Shule zikafungwa. Nyumba ya kina Akinyi ikaanza kujaa maboksi, na kila boksi lililofungwa nililihesabu kama adui. Wangesafiri Jumamosi. Jumatatu meli haikuja. Jumanne haikuja. Jumatano, nikiwa nimekaa kizingitini nimenuna, nilisikia mtu anapiga mluzi njiani, mluzi ule wa Ami Salim wa kupanda na kushuka, nikakimbia pekupeku mpaka nikamgonga tumboni. Hakuniuliza hali. Alinyoosha mkono ndani ya mfuko wa koti, akatoa kaseti ya rangi ya dhahabu.

"Haya, chukua nchi yako," aliniambia.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje wakidhani pana moto. Mama Akinyi alikuwa ameshaitia tivii ndani ya boksi na kuizungushia kamba. Alituangalia tulivyosimama mbele yake, sote watatu na baharia, akashusha pumzi, akachukua kisu akakata kamba.

Nawaambia, hatukuelewa neno hata moja. Vijisanduku vya maandishi vilitokea, tukavibonyeza vikatoweka. Lakini msichana wa upanga alikuwa mle, mdogo kama njegere, ametoka ndani ya nyumba yenye paa jekundu, na mbele yake kuna majani, mto, daraja, na mbali kabisa, mlima. Kassim alilia kwa furaha, akasingizia kwamba macho yake yameingia sabuni. Alhamisi Bi Rukia alikuja na buibui lake na sahani ya mahamri, akakaa kwenye kiti kimoja ambacho kilikuwa hakijafungwa, akatoa amri. "Mpitishe darajani. Simwamini mzee huyo, mpite mbali. Ee, mama, joka hilo!" Sijapata kuona mtu mzima anafurahi namna ile.

Aliyetukera alikuwa Akinyi. Katika kaseti zile za zamani, ukishapita mahali pamekwisha. Skrini inakufungia nyuma, huwezi kurudi hata hatua. Katika hii ungeweza kurudi, na Akinyi hakutaka kufanya jingine. Zamu yake ikifika, anatoka kwenye nyumba ya paa jekundu, anavuka daraja, anafika penye miti, halafu anageuka anarudi.

"Cheki," alisema, "nyumba bado iko."

"Twaiona. Nenda mlimani!"

Anatoka tena. Mara hii anaupita ule msitu, anafika jangwani, sote tumekaa ukingoni mwa mkeka, kisha anageuka. Hatua kwa hatua mpaka nyumbani. "Bado iko." Siku mbili nzima. Nilimwita mjinga mbele ya watu, nikamwambia anaiharibu nchi ya ami yangu.

Ijumaa, siku ya mwisho, nilishika pedi nikaapa siiachi. Nilipita jangwa, nikapita kijiji cha watu wenye kofia, nikafa mara tano nikafufuka, na alasiri nikaufikia mlima. Pale juu ungeweza kuona kila mahali tulipotoka. Sebule ililipuka kwa vifijo. Mama Akinyi alitoka chumbani na mkasi mkononi akitaka kujua nani kaumia, na Akinyi alinikumbatia akaruka kuliko sote. Kisha akakaa tena mkekani.

"Nuru, sasa nirudishe nyumbani."

"Kufanya nini? Si tuko mlimani!"

"Nirudishe tu."

Niligunaguna, lakini tivii ilikuwa yao. Nikaanza kushuka. Njia yote ilikuwa ileile, jangwa, msitu, daraja. Tulipofika mlangoni Akinyi alichukua pedi, akamwingiza msichana ndani mpaka karibu na kitanda, akaangalia. "Sawa," alisema. Akazima tivii yeye mwenyewe na kuchomoa waya. Nilimwona Bi Rukia, aliyekuwapo mchana kutwa, anajifuta macho kwa ncha ya buibui, nikadhani ni vumbi la maboksi.

Asubuhi lori lilikuja. Kaseti nilimpa Akinyi, na msinisifu, kwa sababu bila mashine ningeifanyia nini? Alinipungia mkono kutoka juu ya godoro lao mpaka lori likakata kona, nami nikarudi ndani kunywa chai.

Miaka mingi baadaye niliolewa Changamwe. Siku ya kuchukuliwa, gari likiwa linangoja na wanawake wanapiga vigelegele, nilitoka kwetu, nikafika langoni, nikageuka kuuangalia mlango wa mamangu. Nikapiga hatua, nikageuka tena. Mara ya tatu shangazi yangu akanivuta mkono, akaniuliza nimesahau nini. Ndipo nikamwona Akinyi, miaka kumi na mmoja, na pedi mkononi. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na maneno ya kuniambia, na mimi mwenzake wa karibu nilimwita mjinga kwa kuwa hakuutaka mlima. Nilisimama palepale langoni nikalia kwa kwikwi, na wote waliokuwapo wakadhani namlilia mama.