Kipa Asiyegeuka

Mwalimu Rufus alikuwa na njia yake ya kumfundisha kijana kusahau jina. Wiki nzima kabla ya mashindano ya shule za Kitale, wanafunzi wote waliambiwa wamwite Santino kwa jina la Cyril. Bwenini Cyril, kwenye foleni ya githeri Cyril. Halafu mara mojamoja mtu anatumwa amjie kwa nyuma na kumwita Santino. Akigeuka, anakimbizwa kuzunguka uwanja mpaka mate yamkauke.

"Hivi ndivyo wanavyowanasa waliozidi umri," mwalimu alimwambia. "Mtu wa kamati anasimama pembeni, anaita jina lako la nyumbani. Ukigeuka tu, shule nzima imetolewa. Sasa wewe ni nani?"

"Cyril, mwalimu."

Cyril mwenyewe alikuwa kijana wa pale pale aliyeacha shule akaenda kuponda kokoto. Umri wake ulifaa. Santino umri ulikuwa umempita, maana alitoka Sudan na mama yake wakati wa vita, akaanza shule akiwa na sauti nzito tayari. Lakini golini mpira ukifika mikononi mwake ulikuwa umefika nyumbani.

Siku ya fainali mama yake, Athieng, alikuja. Alikuwa akifua nguo za watu mjini, hajawahi kumwona mwanawe akicheza. Akasimama nyuma ya goli, kwenye waya, na karanga za kukaanga zimefungwa kwenye kitambaa.

"Santino," aliita. "Santino, mwanangu, niko hapa."

Alimsikia vizuri sana. Shingo ilitaka kwenda. Watu wa kamati walikuwa pale kwenye mstari na kofia zao, na yeye akakaza macho kwenye mpira uliokuwa mbali huko katikati ya uwanja. Mama akaita tena, kisha akanyamaza. Mechi ilipokwisha, shule imeshinda na watu wamembeba juu, kitambaa cha karanga kilikuwa kinaning'inia kwenye waya na mama ameshaondoka.

Jioni mama alimwuliza jambo moja tu. "Unanionea aibu mbele ya wenzako?"

"Sikukusikia, mama."

Mwalimu alikuwa amemwapisha asimwambie mtu, hata mzazi. Mama akaitika kwa kichwa. Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa mbali. Akimtaka, alimfuata mpaka alipo na kumgusa bega.

Timu ya Eldoret iliyomchukua baada ya shule ilimtaka Cyril, kwa hiyo aliendelea kuwa Cyril. Akaenda Thika, akaenda Kampala akakaa benchi msimu mzima, akarudi Thika timu ikashuka daraja. Kidole cha mwisho kilivunjika kikaungana upande. Magazeti yalimtaja mara chache, yakamsifu Cyril. Jukwaani, mashabiki walipojua ametoka wapi, walimwita Sudan.

Aliporudi Juba na mama yake wakapanga nyumba Gudele, alitaka jina lake, akalipata. Lakini kila timu ilimwuliza, "Umechezea wapi?" Angesema nini? Santino hajawahi kucheza popote. Akaanza upya kama mtoto, na ndevu zake, na vijana wakambatiza Kenya. Alidaka kwenye viwanja vya udongo mwekundu vinavyochuna kiuno, akawa nahodha, akabadilisha timu, akarudi, mpaka magoti yakaanza kukataa asubuhi.

Ndipo Tombe, mwenyekiti wa timu yake ya mwisho, akamwita kwenye kibanda cha chai Kator.

"Kapteni, magoti yamesema. Mimi sikutupi. Kazi ya kufundisha makipa vijana ni yako."

Santino alishika kikombe kwa mikono miwili. Kazi nyingine hakuijua. Mpira ulikuwa umeanza kabla hajajifunza kitu kingine chochote.

"Lakini kwanza yule kipa mrefu wa mtaa wa Lemon Gaba, Makuei," Tombe aliendelea. "Umri wa timu ya vijana umempita kidogo. Mdogo wake Kuol umri unafaa. Mfundishe kuitika Kuol. Wewe umetoka Kenya, mambo haya unayajua."

"Mpeleke timu ya wakubwa kwa jina lake."

"Wakubwa wana makipa wa kutosha. Nani atamtazama huko?"

"Basi asubiri."

Tombe alicheka kidogo. "Wewe ulisubiri?"

Santino alisogeza kikombe kando. Kisha akasema hatamfundisha kijana kitu hicho, wamtafute mtu mwingine.

"Malesh, Kapteni," Tombe alisema, pole ya mtu aliyekwisha simama. "Wapo wengi."

Makuei alimfuata nyumbani siku ya pili, amekasirika. "Kapteni, wewe umeshakula. Sasa unafunika sufuria?"

"Jina lako utalihitaji baadaye."

"Baadaye gani? Sasa hivi nalala njaa na jina langu."

Kijana akaenda, na wengine wakamfundisha.

Mechi ya kwanza ya vijana Santino alikwenda kutazama kama mtu yeyote, amevaa suruali ndefu. Alisimama nyuma ya goli bila kufikiri, miguu yenyewe ilimpeleka. Mwanamke mmoja akaja kusimama karibu naye, amebeba chupa ya maji. Alikuwa Adhel, mama yake Makuei.

"Makuei," aliita. "Makuei, maji haya."

Yule kijana alikuwa karibu kabisa. Santino aliona shingo yake ikikakamaa, mishipa miwili nyuma ikatokeza, na kichwa kikabaki palepale.

"Makuei."

"Amekusikia, mama," Santino alisema. "Usiite tena."

"Mbona hageuki?"

Akamweleza. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, mpaka mwalimu Rufus, mpaka karanga kwenye waya. Adhel alisikiliza akiwa ameibana chupa kifuani. Mwisho akauliza, "Na mama yako ulimwambia?"

Santino hakungoja mechi iishe. Gudele alimkuta mama yake ameketi nje akichambua maharage, amempa mgongo. Santino akasimama langoni, akaanza kueleza kutoka hapo hapo. Alipomaliza, mikono ya mama ilikuwa imetulia juu ya ungo.

"Niite, mama," alisema. "Niite ukiwa hapo."

Mama alifungua mdomo, ukakaa wazi kidogo, kisha ukafungwa.

"Kuita nimeshaacha, mwanangu," alisema. Akasogeza kigoda kando yake. "Njoo tu."