Mama wa Nyanya na Fomu ya Mkutano

Jumanne asubuhi, kwenye foleni ya mpakani Busia, mbele yangu alisimama mama mwenye beseni la nyanya. Mbele yake alikuwa binti wa mji wa Nagongera, kompyuta mgongoni.

Ofisa alisoma fomu ya binti. "Mkutano wa watengeneza tovuti. Wa kampuni gani?"

"Hakuna kampuni, afande. Sisi natumia mfumo moja ya bure. Kila mtu nachukua kazi ya mwenzake, narekebisha penye makosa, narudisha."

"Mwenye mfumo ni nani?"

"Sisi wote."

Ofisa alimtazama kidogo, akagonga muhuri.

Sasa, mpakani kwetu hakuna anayejaza fomu kutoka kichwani. Unachungulia ya aliye mbele yako, unanakili. Ofisa aliisoma fomu ya mama, akazitazama na nyanya zake.

"Mama, na wewe unatengeneza tovuti?"

"Ya huyu imepita. Yangu nakataliwa kwa nini?"

Ofisa akamwonyesha mwisho wa foleni kwa kidole. Foleni ilikuwa ndefu, na ng'ambo soko lilikuwa limekwisha kuchangamka.

Binti, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alirudi. Akaazima kalamu, akakata maneno ya mkutano kwenye fomu ya mama, akaandika nyanya.

"Kunakili si mbaya, mama," alisema. "Umesahau kurekebisha tu."

Muhuri ukagongwa.

Wasomaji watadhani hapo nilicheka. Sikucheka. Fomu yangu nilikuwa nimeinakili kwa mama, neno kwa neno. Niliikunja taratibu, nikaomba nyingine.