Mgongo wa papa si mfano wa sosiolojia

Leo prof kanipa sifuri kwa sababu ya mgongo wa papa, baba yangu.

Mtihani wa mdomo, sosiolojia. Nadharia mbili nimezieleza vizuri: ile ya jamii kama mwili, kila kiungo na kazi yake, na ile ya maana watu wanazopeana wakikutana.

Ya tatu ni ya mgongano: mwenye nguvu anaishi kwa jasho la asiye nazo. Prof akasema, "Toa mfano."

Nikataja bandari yetu. Papa anabeba magunia ya saruji pale, chef, msimamizi wao, amekaa kwenye kiti, na mutu akilalamika mgongo, kesho haitwi kazini.

"Apana," prof akanikata. "Mfano uko ndani ya kozi niliyowapa. Viwanda vya Ulaya. Hayo yako ni malalamiko."

Hata macho hakuinua. Mi naieleza nadharia, yeye ananitendea hiyo hiyo.

Nimefika nyumbani Gasenyi na hasira. Papa amelala chali sakafuni, anapumzisha mgongo.

"Walikuuliza nini, mwanangu?"

"Habari ya watu wanaobeba mizigo, papa."

Akacheka kidogo. "Basi hiyo umefaulu."

Sijamwambia kama nimepata sifuri. Nyinyi mungemwambia?